Dada wa kazi anakuja Jumamosi: nimuulize nini kabla sijamwachia mtoto?

SWALI: Shikamoo dada. Nina mtoto wa miezi miwili na likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki tatu. Naishi Goba, kazi yangu iko Posta, natoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 1 usiku. Dalali ananiletea binti kutoka Iringa Jumamosi, atakaa kwetu. Dada niliyekuwa naye nikiwa mjamzito aliondoka bila kuaga baada ya siku 12. Mume wangu anasema nimuulize tu kama anapenda watoto, nishike kitambulisho chake, inatosha. Mama mkwe anataka nichukue binti wa ukoo kijijini, ana miaka 15. Huyu wa Jumamosi nimuulize nini ili nijue naweza kumwachia mwanangu? (Mama wa Goba)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kujifungua. Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya watoto kwa miaka 19, na kwa miaka minane ya mwisho nafundisha akina dada wa kazi namna ya kulea mtoto mchanga. Nimekaa kwenye sebule nyingi za watu siku ya usaili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mtoto wa miezi mitatu hana mdomo wa kukusimulia kilichompata mchana.

Nianze na jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote. Unatafuta mtu atakayekupigia simu saa 5 asubuhi kukuambia, "Mama, mtoto ameanguka." Kupika uji, kufua nepi, kupima joto la maji, hayo yanafundishika ndani ya wiki mbili. Kusema ukweli wenye kuuma kwa mtu anayekulipa mshahara ni kazi ngumu, na usaili wako unatakiwa kupima hilo.

Kliniki tuliwahi kuletewa mtoto wa miezi tisa, mkono wa kulia umeungua kiganja kizima. Jeraha lilikuwa la siku mbili. Dada alilipaka dawa ya meno, akamvalisha mtoto soksi mkononi, mama akaambiwa ni kwa ajili ya mbu. Kumbe mtoto alishika jiko la mkaa. Nilipomuuliza dada kwa nini hakusema, alisema mwezi uliopita alivunja glasi mbili akakatwa 10,000. Akajiuliza, mkono wa mtoto utakatwa shilingi ngapi? Kama angesema siku ileile, kiganja kingewekwa chini ya maji ya bomba dakika 20 na mtoto angefika hospitali akiwa na jeraha jepesi zaidi. Sikumlaumu yeye peke yake.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yako.

Usimsaili siku hiyo. Binti atakuwa amekaa kwenye basi masaa manane au tisa, ameshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi miguu imevimba, hamjui mtu, na dalali amesimama pembeni akisubiri pesa yake. Ukimuuliza lolote saa hiyo atasema "ndiyo mama." Unapenda watoto? Ndiyo mama. Umewahi kulea mchanga? Ndiyo mama. Unajua kukaa na mgeni? Ndiyo mama. Hiyo ni adabu ya mtu aliyechoka, na huwezi kuijengea uamuzi wowote. Mpokee, mlipe dalali wako aende zake, binti aoge, ale, alale. Usaili ni Jumapili baada ya chai, wewe na yeye na mtoto, bila dalali. Mume anaweza kuja mwishoni, nitakuambia kwa nini.

Na dalali umuulize swali moja kabla hajaondoka: huyu binti anakatwa chochote? Kuna madalali wanaochukua mshahara wa mwezi wa kwanza wa binti bila yeye kuambiwa. Hapo utakuwa unakaa na mtu anayefanya kazi siku 30 bure, anakuchukia wewe, na hujui kosa lako. Sitashangaa kama yule wa siku 12 alikuwa na deni la namna hiyo.

Jumapili anza na umri, maana ukikosea hapo mengine hayana maana. Swali la "una miaka mingapi" lina jibu lililofundishwa njiani: 19. Uliza, "Darasa la saba ulimaliza mwaka gani?" Halafu, "Baada ya hapo ulifanya nini?" Mtoto wa kwetu humaliza la saba akiwa na miaka 13 au 14, piga hesabu mwenyewe. Omba namba ya NIDA au cheti cha kuzaliwa, na kama hana, barua ya serikali ya kijiji chake. Pigia simu mzazi wake mbele yake, weka spika, jitambulishe: naitwa fulani, binti yenu amefika salama, yuko kwangu Goba. Sauti ya mama yake itakuambia mengi, hasa kama mama hakujua kuwa binti amesafiri. Ikitokea hivyo, simama hapohapo. Tanzania tuna sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na mabinti wa kazi za ndani wamo kati ya wale iliyokusudiwa kuwalinda.

Hili ndilo jibu langu pia kwa mama mkwe, na mfikishie kwa heshima yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia shule. Kumwachia binti wa miaka 15 kichanga kutwa nzima, na jiko, na mlango, na wageni, si kazi nyepesi. Ni kumwachia mtoto mtoto. Kama ukoo unataka kumsaidia huyo binti, mlipieni shule.

Kitambulisho usikishike. Piga picha au toa nakala, mrudishie. Mtu mwenye kitambulisho chake mkononi akibaki kwako, amebaki kwa kutaka.

Ukishamaliza hayo, maswali ya mtoto. Usiulize swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Sema "nieleze" na "nionyeshe." Mwambie, "Nieleze siku moja ya kawaida ulipokuwa unalea mtoto, toka mlipoamka." Aliyelea kweli hukosa pa kuanzia kwa sababu mambo ni mengi: atataja mtoto alivyokuwa akikataa kijiko, wimbo aliokuwa akimwimbia, upande aliopenda kubebwa. Asiyelea atakupa orodha: namwogesha, namlisha, namlaza. Kama hajawahi kulea kwa mshahara, muulize wadogo zake. Binti wa tatu katika familia ya watoto saba kule Kilolo anaweza kumshinda mwenye barua tano za mjini.

Halafu muulize lile swali lenyewe: "Nieleze siku mtoto alipoumia au alipougua mikononi mwako. Ulifanya nini?" Nyamaza. Usimsaidie. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo.

Mwaka 2017 nilikaa na mama mmoja Tabata akisaili binti wa Lushoto. Swali hilo lilipoulizwa, binti aliangalia chini akakunja pindo la kanga kidoleni, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema, "Alianguka kitandani. Miezi saba. Niligeuka kuchukua nepi." Mama akaniangalia. Binti akaendelea: alimpigia bosi wake muda uleule, akambeba mtoto hadi zahanati na khanga begani, akakaa naye hadi bosi akafika. Jioni akafukuzwa. Yule mama wa Tabata alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Huyu hapana, kaangusha mtoto wa watu." Nikamwambia, mtoto yeyote anayejifunza kugeuka anaweza kuanguka kitandani, hata cha mama yake; huyu ndiye wa kwanza kati ya wanne tuliowasikia aliyekuambia jambo ambalo angeweza kulificha. Akamchukua. Alikaa pale miaka mitano, na hadi leo watoto wale wakienda Lushoto wanalala kwao.

Anayesema "hakuna lililowahi kutokea" baada ya kulea miaka minne, nina wasiwasi naye kuliko yule.

Kwa mtoto wa umri wa wako, kuna swali jingine ambalo wazazi wengi huliruka kwa aibu. "Mtoto akilia saa nzima, umembadilisha, amekula, umembeba, bado analia. Utafanya nini?" Na ukishapata jibu, uliza tena kwa upole: "Umewahi kuhisi hasira mtoto akilia?" Sisi tuliozaa tunaijua hasira hiyo. Binti akikubali kwamba ndiyo, anaijua, akaeleza anavyojizuia, huyo anajifahamu. Mfundishe siku hiyohiyo: ukizidiwa, mlaze mtoto chali mahali salama, toka mlangoni, vuta pumzi, nipigie. Mtoto hatikiswi kamwe. Shingo ya kichanga haijakaza, na kumtikisa kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo bila alama yoyote nje. Muulize pia kama amewahi kuona mtoto akipewa dawa ya mafua au dawa ya mzio ili alale. Sema "amewahi kuona", usiseme "umewahi kumpa." Atakueleza ya jirani, na wewe utapata nafasi ya kumwambia kwamba kwako hakuna dawa inayoingia kinywani mwa mtoto bila wewe kuambiwa.

Mambo ya hatari za nyumbani yaulize ukitembea naye ndani ya nyumba. Ingieni jikoni: "Hapa unaona nini cha kumdhuru mtoto?" Anayetazama chini ya sinki, akagusa mpini wa sufuria unaoning'inia nje ya jiko, akauliza ile chupa ya soda ina nini, amekuonyesha macho yake. (Na kama ile chupa ina mafuta ya taa, ihamishe leo. Watoto tunaowapokea wamekunywa mafuta ya taa huwa wameyatoa kwenye chupa ya soda au ya maji. Na mtoto akinywa asitapishwe, apelekwe hospitali.) Bafuni, ndoo ya maji isiyofunikwa. Chumbani, jiko la mkaa halilali ndani hata kama kuna mvua, kwa sababu ya hewa yake ya sumu.

Kisha mpe mtoto. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Mwambie anawe mikono, umtazame anavyonawa. Mwache amwogeshe wewe ukiwa umekaa kwenye kigoda pembeni, umefunga mdomo. Naangalia vitu vidogo: anamimina maji ya baridi kwanza ndipo ya moto, au anaanza na ya moto? Anayapima kwa kiwiko au kwa ncha ya kidole? Taulo limewekwa karibu kabla mtoto hajalowa, au atamwacha kwenye beseni alifuate? Mkono wa kushoto uko wapi, umeshika kichwa? Na zaidi ya yote, anaongea na mtoto? Niliwahi kumwona mmoja mwenye barua nzuri kutoka nyumba mbili kubwa, amemwogesha mtoto vizuri kabisa, kila hatua sahihi, dakika kumi nzima anaongea na mama na hakumtazama mtoto usoni hata mara moja. Nilimwambia mama asimchukue. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, na kutwa nzima bila neno ni ndefu mno kwake.

Kwa maziwa, mfundishe kuliko kumuuliza, maana mabinti wengi hawajawahi kuona maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kwa joto la Dar yasikae nje ya friji zaidi ya masaa manne. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, yasichemshwe jikoni. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe. Kikombe kidogo na kijiko ni rahisi kusafisha kuliko chupa na chuchu. Na asimpe maji wala uji kabla ya miezi sita, hata bibi wa jirani akisema mtoto ana kiu. Muulize: "Bibi akija akasema mpe maji, utamjibuje?" Swali hilo linachekesha, lakini linapima kama anaweza kusimama mbele ya mkubwa kwa ajili ya mtoto.

Kuhusu afya yake: najua wengine wanawapeleka mabinti kupimwa Ukimwi na ujauzito kwanza. Usifanye. Kumlazimisha mtu kupima VVU hakuruhusiwi kisheria, na sheria ya ajira inakataza kumbagua mtu kwa VVU au kwa ujauzito. Tena VVU haviambukizi kwa kumbeba mtoto wala kumlisha. Ugonjwa ninaouogopa kwa kichanga ni kifua kikuu. Kama anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda naye kituo cha afya. Matibabu ya kifua kikuu ni bure, na akipona anarudi kazini.

Waajiri wa zamani wapigie, lakini usiulize "alikuwa mzuri?" Uliza, "Siku alipokosea, wewe ulijuaje?" Ukisikia "alikuja kuniambia," umeshapata ulichokuwa unakitafuta.

Sasa zamu yake ya kukusaili wewe, na usimnyime. Mwambie ukweli wote kabla hajakubali: mko wangapi, ni wanaume gani wanalala hapo au huja wikiendi, yeye atalala wapi. Awe na kitanda, chandarua, na mlango unaofungwa kwa ndani. Asilale sebuleni kwenye zulia ambapo kila anayekwenda chooni anampita. Hapa ndipo mume anaingia: aje asalimie, aseme mbele yenu wote wawili kwamba jambo lolote la binti litapitia kwako, na kwamba hakuna mtu wa nyumba hii, awe shemeji au mgeni, mwenye ruhusa ya kuingia chumbani kwake. Maneno hayo yakitoka mdomoni mwa baba mwenye nyumba yana uzito ambao wewe huwezi kuyapa.

Hesabu masaa yako pia. Kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 1 usiku ni masaa 14. Sheria inaweka kikomo cha masaa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na ziada ina malipo yake. Mtu aliyeamka na mtoto usiku halafu akafanya masaa 14 atasinzia akiwa amembeba. Usiku mtoto ni wako na baba yake. Mchana tafuta mtu wa kumpokea, jirani au mama mkwe, hata masaa mawili matatu. Na una haki ambayo wanawake wengi wa maofisini hawaidai: mwajiri anatakiwa kukupa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Omba kwa maandishi utoke masaa mawili mapema. Jumapili awe huru siku nzima, masaa 24, aende kanisani au alale.

Mshahara utaje kwa tarakimu na kwa tarehe. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mwezi kama kima cha chini cha dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Viwango hivi hupitiwa upya, hivyo pita ofisi ya kazi uulize cha sasa. Mimi ningekushauri usikae kwenye kima cha chini kwa mtu unayemkabidhi kichanga. Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja: jina, kazi, masaa, mshahara, siku ya mapumziko, likizo ya siku 28 kwa mwaka, notisi, na nauli ya kumrudisha Iringa mkiachana. Msomee kwa sauti, mueleze, asaini, abaki na nakala yake. Mshahara aupokee yeye kwenye simu yake, asitunziwe.

Na mkataba huo uwe na sentensi hii, kwa maneno yako mwenyewe: ukiniambia siku ileile mtoto alipoumia au kitu kilipovunjika, hutakatwa na hutafukuzwa kwa kuniambia. Kisha uitimize. Kikombe cha kwanza kitakachovunjika, na kitavunjika, ndicho kitakachompa binti jibu kama ulimaanisha. Sema ahsante kwa kuniambia, okoteni vipande, basi.

Akikubali, una wiki tatu, na ni muda mzuri. Wiki ya kwanza fanyeni wote, ukimlipa. Ya pili yeye anafanya, wewe uko chumbani. Ya tatu toka, kwanza saa moja, kisha nusu siku, na siku moja rudi bila kusema. Ukimkuta amelala na mtoto amelala pembeni mahali salama, usigombe. Mchanga akilala, mlezi naye apumzike. Bandika ukutani namba zako, za baba, za jirani mmoja mwenye gari, na 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Na akizidiwa yeye mwenyewe humo ndani, ajue CHODAWU ni chama cha wafanyakazi kinachowapokea pia wa majumbani. Usiogope kumwambia.

Mwisho wa usaili muulize, "Na wewe una swali gani kwangu?" Wengi husema hakuna. Subiri kidogo, mwongezee chai. Swali ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, likitoka kwa sauti ya chini, ni hili: "Mama, nitaruhusiwa kupiga simu nyumbani?" Mjibu hapohapo, mwekee vocha, umchukue mtoto, umwachie chumba apige.